Mjadala: Amu iache moshi, sawa. Hasara ni ya nani?

Mwanzisha mada
Siku hizi barazani kuna hoja kwamba Amu, yaani kisiwa cha Lamu, ifuate ile miji 100 ya Umoja wa Ulaya iliyochaguliwa 2022, inayotaka isiongeze tena hewa ukaa ifikapo 2030. Mashua ziwe za betri, mikoko isikatwe, bara ijengwe mitambo ya umeme wa upepo. Nia naiunga mkono, pupa naipinga.

Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi, huku kwetu Lamu, megawati 1,050, ulifutiwa leseni Juni 2019, na sababu kubwa ilikuwa wananchi kutoshirikishwa ipasavyo. Tulishangilia. Basi kipimo kile kile kitumike kwa upepo na jua. Tazameni mradi wa upepo wa Ziwa Turkana: mitambo 365, moshi hakuna, lakini Oktoba 2021 mahakama ya Meru ikasema hati za ardhi yake zilipatikana kinyume cha sheria. Umeme safi nao hupora ardhi.

Na mikoko? Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kwetu. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti Februari 2018, mkata boriti za mikoko wa Amu alitiwa kapu moja na wafyekaji wa misitu ya milimani.

Nahodha wa Shela
Umesema, ami. Injini ya petroli ikigoma, fundi yupo Mokowe. Ya betri ikinizimikia kwenye mlango wa bahari wa Mkanda maji yakitoka, na abiria ninao, nimpigie nani?

Binti Langoni
Samahanini wakubwa zangu, lakini kungoja nako kuna hasara, tena hamuisemi. Maji ya kunywa tunayategemea yale yaliyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Bahari ikizidi kupanda na chumvi ikaingia humo, hiyo betri mtaitamani. Au mwataka tushirikishwe mpaka lini?

Mwanzisha mada
Binti, hapo umenibana, na sina jibu la maji. Ila sisemi tungoje, nasema fidia itangulie. Wavuvi waliopoteza maeneo yao kwa bandari ya Lamu walipewa na mahakama shilingi bilioni 1.76 mwaka 2018, kisha wakasota miaka wakizidai. Kwa mashua na mikoko nataka pesa ziwe benki kabla ya marufuku kutangazwa. Anayeona hilo haliwezekani aseme litashindikana wapi.