Tupeane uzoefu: riwaya za upelelezi zilivyokufanya na wewe ushike kalamu

Wakuu habari za jioni.

Ugonjwa wangu mimi ni riwaya za upelelezi, tena zile za zamani. Nilianza darasa la tano hapa hapa Tandika, marehemu babu alikua na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla imechakaa mpaka jalada limeshonwa kwa uzi wa viatu. Kitabu kilishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957/58 kikaja kuchapwa 1960, ila hayo niliyajua ukubwani. Utotoni kilichoniingia ni kiko cha Bwana Msa, na vile watu wote wanalia mzimu mzimu yeye mwenzao anatafuta binadamu.

Baadae nikahamia kwa wazungu, vitabu vya mtumba pale Posta, vile vinavyopangwa chini barabarani. Agatha Christie nimemaliza vingi tu, kiingereza changu cha kuunga unga lakini muuaji namtafuta hivyo hivyo.

Mwaka juzi nikasema naandika na mimi. Aisee. Sura ya kwanza nikaweka jumba kubwa, mvua inapiga, mtumishi anabisha hodi na chai kwenye sinia. Wife akasoma akaniuliza hili jumba liko wapi, Masaki? Na Dar hii nani anampelekea mwenzie chai chumbani saa tano usiku? Nikafuta yote.

Nikakaa nikajiuliza wale Waingereza kwenye majumba yao walikua wanatafuta nini hasa, nikaona wanataka watu wachache, wamefungiwa pamoja, kila mmoja ana lake la kuficha. Sasa si nyumba ya kupanga hiyo jamani! Vyumba sita, korido moja, choo kimoja, geti linafungwa saa tatu, na luku moja inayogombanisha watu kila wiki.

Basi ndo ninayoiandika. Mtunza hazina wa kikoba kakutwa amekufa chumba namba nne alfajiri, hela hazipo. Fundi cherehani wa chumba cha pili anasema yeye kuanzia saa tatu mpaka saa nne usiku alikua anapiga pasi suti za wateja. Kumbe umeme ulikata saa mbili na nusu, uniti ziliisha, nyumba nzima giza mpaka saa nne na nusu alipotoka mama mwenye nyumba akaingiza tokeni huku anatukana, maana tangu mchana yuko na hasira zake, kaibiwa simu kwenye daladala ya Mbagala. Kwahiyo fundi kadanganya. Kwanini kadanganya hapo sisemi.

Kazi ni kwenye kuficha. Kuna padri mmoja Muingereza, Ronald Knox, 1929 aliandika amri kumi za hadithi hizi, mojawapo mpelelezi haruhusiwi kuokota dalili bila kumuonyesha msomaji. Inatesa hiyo. Ukiionyesha sana kashajua, ukiificha sana umemuibia.

Karibuni, nani mwingine kajaribu?

binti_feri: Mimi nipo Kigamboni, yangu nilitoa kwenye pantoni. Jamaa anajifanya mzaliwa wa Tanga, kaja kudai urithi. Kuna mtu kamtumia meseji tukutane Magogoni saa tatu usiku, yeye katokea saa tisa usiku. Mpelelezi wangu akacheka tu, mtoto wa Tanga gani huyo anahesabu saa za kizungu? Nimeiandika kwenye daftari za shule za mwanangu, mbili zimejaa, kuchapisha bado hela.

Mzee Jongo: Binti_feri hiyo kali, hata Mngereza mwenyewe asingeitunga.

Kimbunga77: Mnajisumbua. Bongo mpelelezi atafanya kazi saa ngapi, mtu akiitiwa mwizi tu wananchi wenye hasira kali washamaliza. Dalili zenyewe zishakanyagwa na majirani mia waliokuja kuchungulia.

Mwanzisha uzi: Kimbunga umesema kweli kabisa na ilinisumbua, ila nimeigeuza. Mpelelezi wangu ana mpaka adhuhuri tu, ikipita hapo mtaa utamchagua muuaji wenyewe na watamchagua fundi. Mbio zote zinatokea hapo.

dawa_muhimu: Mimi nauza duka la dawa, nimeanza kuandika baada ya kujua Christie nae alikua mtu wa dawa, vita ya kwanza alifanya kazi famasi ya hospitali ndo maana riwaya yake ya kwanza ya 1920 sumu imepangwa vile. Mpaka sasa nina kurasa 40 na hakuna aliyekufa, kila nikitaka kumuua mtu namuonea huruma. Msaada tafadhali.

Kimbunga77: 😂😂 muue mteja anaekopa.

Mzee Jongo: Samahani mwanzisha uzi, nimerudi kusoma bandiko lako mara ya pili. Tokeni ya luku si ni tarakimu 20? Huyo mama mwenye nyumba kaibiwa simu mchana, alizisoma wapi?

binti_feri: Labda kanunua kwa wakala dukani akapewa karatasi.

Mzee Jongo: Saa nne na nusu usiku, na geti linafungwa saa tatu? Na angekua nayo karatasi tangu jioni asingekaa gizani masaa mawili. Sasa naomba kuuliza tu, simu ya marehemu ilionekana?

Mwanzisha uzi: Mzee wangu shikamoo. Naomba njoo inbox. Na hizo komenti zako mbili nakuomba uzifute, nimebakiza sura tatu.