Homoni zikiyumba: tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi
Wadau salaam. Hapa Tanga siku hizi mtu akinenepa homoni, akikonda homoni, mume akinuna napo homoni. Nataka waliopimwa damu wakaambiwa kitu hasa, waseme ilikuwaje. Kama shangazi yako anauza majani ya kusafisha homoni fungua uzi wako.

Mama wa Chumbageni
Mimi ni thairoidi, tezi ya shingo. Mtu wa Tanga nimejifunika kanga mbili saa saba mchana mwezi wa pili, nywele zinabaki kwenye kitana, choo kigumu, bi mkubwa keshaanza kuulizia mganga. Kipimo cha TSH kikaja kiko juu, shemeji akasema basi homoni zimezidi, kumbe ni kinyume! TSH inatoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, kazi yake kuihimiza ile ya shingoni, sasa ya shingoni ikilegea ya juu inazidi kuihimiza ndo maana namba inapanda. Nameza levothairoksini, kidonge cha homoni ya thairoidi, asubuhi tumbo tupu, chai na maandazi baada ya nusu saa mpaka saa nzima. Wakibadili dozi narudi kupima baada ya wiki 6 mpaka 8, kabla ya hapo namba inadanganya.

Kijana wa Makorora
Mdogo wangu wa kike alitaka kujazia kabla ya harusi, akauziwa vidonge vya kunenepa, vimefungwa kwenye kikaratasi cha daftari, havina jina wala nini. Akajaa kweli, ila uso tu na tumbo, miguu myembamba vilevile, na michirizi ya zambarau ubavuni. Harusi ikapita akaacha siku hiyohiyo. Kutapika, akisimama kizunguzungu, mwisho akaanguka uani anaanika nguo. Hospitali waliulizaaa weee ndo akakitoa kile kikaratasi kwenye pochi. Daktari akasema ni steroidi, mwili una ya kwake inaitwa kortisoli inatoka kwenye tezi zilizo juu ya figo, na ubongo ndio unaoziagiza. Ukimeza ya nje kwa muda ubongo unaona imejaa unaacha kuagiza, tezi zinalala kama mpishi aliyeona biriani imeletwa toka nje akazima jiko. Sasa ukiacha ghafla, ya nje haipo na ya ndani haijaamka.

Mwanzisha uzi
Duh. Kwa hiyo angeendelea tu kumeza?

Kijana wa Makorora
Hapana kaka, inapunguzwa kidogokidogo na daktari. Na wale wa pumu mlioandikiwa steroidi na daktari msije mkatupa dawa kwa ajili ya uzi huu.

Baba wa Ngamiani
Mimi nafunga Ramadhani mpaka magharibi sipepesuki, maana sukari ikielekea kushuka kongosho linatoa homoni ya glukagoni, ini linafungua akiba yake ya sukari, nikifuturu tambi na uji inatoka insulini inashusha. Yote hayo sina habari nayo. Mwanangu wa sekondari ana kisukari aina ya kwanza, kongosho lake halitoi insulini, hiyo kazi tunaifanya sisi kwa sindano na glukomita, kile kimashine cha kupima sukari, na hapo ndo utajua mwili unafanya kazi kubwa kimyakimya. Sukari ikishuka chini ya 4 mmol/L anapewa sukari gramu 15, tunasubiri dakika 15, tunapima tena.

Nesi mstaafu
Wanangu, si homoni zote zinajizuia zikishatosha. Oksitosini wakati wa uchungu inajichochea: kichwa cha mtoto kinasukuma mlango wa kizazi, ubongo unatoa nyingine, tumbo linabana zaidi, hivyohivyo mpaka mtoto atoke ndo inakatika.

Mama wa Chumbageni
We wa Makorora, bibi harusi anaendeleaje?

Kijana wa Makorora
Yupo dada, kapewa haidrokotisoni, dawa ya kuziba pengo la kortisoli, kwa muda. Akishikwa na homa kubwa ameelekezwa aongeze dozi, maana mtu ambaye tezi zake ziko sawa akiumwa mwili wake huwa unaongeza kortisoli wenyewe, wa kwake bado hauwezi. Aliyemuuzia yuko palepale, na wateja wanapanga foleni.