Wakuu, naomba ushauri: nataka kuweka video kwenye kozi yangu ya mtandaoni ya zabibu

Zabibu_Nkuhungu: Kwema wakuu? Nipo Dodoma, nafundisha kilimo cha zabibu mtandaoni kupitia Moodle, ule mfumo wa kuendeshea kozi. Mpaka sasa ni maandishi na picha tu, na wanafunzi wanalalamika. Mtu anasoma "acha macho mawili", yaani vichipukizi viwili kwenye tawi, anaenda shambani anakata tawi lote. Nimerekodi kwa simu somo la kupogoa, dakika 40, GB 5. Nikilipandisha linafika katikati linagoma. Nifanyeje? Usingizi sina.

Fundi_Makole: Mkuu, msimamizi wa seva huwa anaweka kikomo cha ukubwa wa faili, utahangaika bure. Ipitishe kwanza kwenye HandBrake, programu ya kupunguza ukubwa wa video, itoe MP4 ya ubora mdogo, 480p. Kisha iweke YouTube kama video isiyoorodheshwa, linki yake uibandike kwenye somo. Ila jua kwamba yeyote atakayepewa linki ataiona. Na ikate vipande! Philip Guo na wenzake walitoa utafiti mwaka 2014 kuhusu kozi za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni, wakakuta hata video iwe ndefu vipi, mtazamaji wa kawaida hazidishi dakika sita. Wanafunzi wako wanatumia bando, wahurumie.

MamaPili: Sauti, mdogo wangu, sauti! Nililipia kozi ya ushonaji, mwalimu karekodi nje, nikasikia upepo mwanzo mwisho. Gauni la mteja nikalikosea kwapa, nikalirudia kwa kitambaa changu. Upepo wa Dodoma unaujua mwenyewe.

Mzee_wa_Kikuyu: Siku hizi kila kitu simu. Sisi tulifundishwa kwa kushikishwa mkasi.

Binti_Kizota: Kaka, GB 5 ni kazi ya jioni moja, hazimnyimi mtu usingizi. Anayepogoa kwenye video ni nani?

Zabibu_Nkuhungu: Ni mzee mmoja wa Mpunguzi.

Binti_Kizota: Anajua unaiuza?

Zabibu_Nkuhungu: Nilimwambia narekodi nikajifunzie nyumbani. Lakini uso hauonekani sana, ni mikono na sauti tu. Nilimpa elfu kumi ya soda. Tena wanafunzi 23 wameshalipa, nimewaahidi Jumatatu. Nikisema nianze upya nitawaambia nini?

Binti_Kizota: Sauti yake ni yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka mtu aelezwe taarifa zake zinachukuliwa kwa kazi gani. Wewe ulimweleza kazi nyingine. Hata kama sheria isingekuwepo, umemdanganya mtu mzima aliyekukaribisha shambani kwake.

Zabibu_Nkuhungu: Dada, sikupanga kumdanganya. Wazo la kuiweka kwenye kozi lilikuja baadaye. Na elimu hii inasaidia wengi.

Mchunguzi_255: Wadau, hii chai, haina hata tangawizi. Kajiunga jana, uzi wa kwanza unataja kozi yake na idadi ya waliolipa. Tangazo hilo. Hebu tuwekee picha ya shamba.

Zabibu_Nkuhungu: [picha]

Mchunguzi_255: Si nilisema? Mashada yananing'inia hapo nyuma. Nani anapogoa kabla ya kuvuna?

Zabibu_Nkuhungu: Mashada ni ya mstari wa jirani, alikuwa hajavuna. Mkuu, mimi sitangazi, ndiyo maana jina la kozi sijalitaja popote. Huyo mzee mkasi wake umekatika mpini, kaufunga kwa mpira wa baiskeli. Kabla ya kukata anagusa kila jicho kwa kidole gumba, kama anahesabu, halafu anasema "hili liache". Kamwambia hivyo mjukuu wake, si mimi. Hiyo sehemu nimeirudia mara nyingi mno.

Mchunguzi_255: Sawa, naondoa neno langu.

Mzee_wa_Kikuyu: Kijana, nenda jioni akishatoka shambani, na usiende mikono mitupu. Mwonyeshe kwenye simu ajione kwanza. Ndipo umwambie wamelipa wangapi na kiasi gani, na fungu lake ni lipi.

Zabibu_Nkuhungu: Na akikataa, mzee wangu?

Mzee_wa_Kikuyu: Utashika mkasi wewe, mwenzako akurekodi. Si ndiye mwalimu?

Zabibu_Nkuhungu: Kupogoa kama yeye siwezi, mzee.