Zuhura na kofia ya mchawi

Kikundi chetu kinaitwa Wana wa Bibi Ujiji. Tuko kumi na tisa, na nusu yetu hatujawahi kuandika kitu zaidi ya "amina". Mwishoni mwa Oktoba kikawaka moto. Mazungumzo nayaweka hapa kwa ruhusa ya wahusika. Salamu nimezipunguza (zilikuwa nyingi), na picha za maua za Ijumaa nimezitoa zote. Bibi haandiki, anatuma sauti, nami nimeziandika kama alivyosema.

Mama Zuhura (Des Moines, Iowa, Marekani): Asalaam alaykum wanandugu. Shikamoo Bibi, shikamooni wakubwa. Muoneni kitukuu chenu, kesho kutwa anaenda kuomba pipi 😂
[picha: Zuhura, miaka tisa, kofia nyeusi ndefu yenye ncha, pua ya plastiki iliyopinda, fagio mkononi]

Mjomba Rajabu (Ujiji): Wa alaykum salaam. Huyo ni nani?

Mama Zuhura: Zuhura, Mjomba. Ni Halloween, watoto wa huku wanavaa mavazi ya kutisha wanaomba pipi nyumba kwa nyumba.

Mjomba Rajabu: Halloween naijua. Nauliza hilo vazi ni la nani.

Mama Zuhura: La mchawi

(Kimya dakika kumi na moja. Unaona mtu anaandika, anafuta, anaandika tena.)

Mjomba Rajabu: Mwanangu, mumeo ametoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na begi moja. Mungu kawafikisha salama. Leo mnamnunulia mtoto uchawi kwa hela yenu wenyewe, tena na risiti. Suala la kujifananisha na wasio Waislamu sitalirudia, mnalijua.

Asha (Leicester, Uingereza): Shikamoo Mjomba. Mimi uchawi haunisumbui, inanisumbua hiyo pua. Nafanya kazi usiku kwenye ghala la supamaketi. Maboga ya plastiki tunaanza kuyapokea Agosti, watu bado wako ufukweni. Usiku wa tarehe 31 tunashusha kila kitu, kukicha mteja anakuta Krismasi. Kilichobaki kinabandikwa stika ya njano, kisiponunuliwa kinakwenda pipani. Mwaka 2019 mashirika mawili ya huku, Hubbub na Fairyland Trust, yalikadiria nguo za Halloween zinaacha tani 2,000 za taka za plastiki Uingereza peke yake. Nguo ya kuvaa jioni moja!

Mimi (Kariakoo): Nyie mnalaumu, mimi napiga hesabu. Chama cha wauzaji rejareja cha Marekani kilikadiria mwaka 2023 Wamarekani watatumia dola bilioni 12.2 kwa siku hiyo moja. Katika hizo, milioni 700 ni nguo za mbwa na paka.

Mjomba Rajabu: Mbwa anavaa nini?

Mimi: Boga, Mjomba. Wengi wanavaa boga.

Mama Zuhura: Kaka hujaona bado. Mzee jirani yangu ana mifupa ya mtu ya plastiki, futi 12, inagusa bati. Home Depot ndio walioileta 2020 kwa dola 299, watu wakaigombea kama sukari ya foleni. Kaisimamisha uani tangu Septemba. Mwanangu Sefu anaiamkia kila asubuhi akienda kusubiri basi la shule.

Mjomba Rajabu: Anaiamkia mifupa??

Mama Zuhura: Anasema ni wakubwa 😂

Shemeji Petro (Kigoma mjini): Naomba niingie, mimi mwenye sikukuu yangu. Jina lenyewe ni mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ya 1 Novemba. Kesho yake sikukuu hiyo, tarehe 2, sisi Wakatoliki tunawaombea marehemu. Taa za kuchonga walikuwa nazo Waairlandi, wakizichonga kwenye turnipu, mzizi mgumu kama kiazi. Njaa ya viazi ya miaka ya 1840 ikawasukuma wengi Marekani, wakakuta boga, kubwa na laini kwa kisu. Basi mila ikahamia kwenye boga. Mimi malalamiko yangu ni kwamba sherehe yetu imechukuliwa, imepelekwa dukani, watakatifu wametolewa, tumerudishiwa mifupa.

Mjomba Rajabu: Afadhali umesema wewe mwenyewe.

Mama Mdogo (Muscat, Oman): Rajabu kaka yangu, usijifanye hatujui kugonga milango ya watu. Huku katikati ya Ramadhani, usiku, watoto wanavaa vizuri, mifuko shingoni, wanapita nyumba kwa nyumba wanaimba wanapewa pipi na karanga. Qaranqasho inaitwa. Na wewe sikukuu ya Idi ulikuwa unazunguka Ujiji nzima unadai mkono wa Idi hata kwa watu wasiokujua. Nani aliyebebwa mgongoni analia jino?

Mjomba Rajabu: Idi ni ibada.

Mama Mdogo: Na kudai ilikuwa ibada?

Asha: 🤣🤣🤣

Mama Mdogo: Ila la biashara ni kweli, hata huku limefika. Zamani mwenye nyumba anachota kwa mkono kwenye sinia, mtoto anatanua mfuko. Siku hizi vimfuko vinauzwa vimeshafungwa, na jina la mtoto juu yake.

Mimi: Tusichekane. Mimi nauza nguo za watoto. Kumi la mwisho la Ramadhani watu wanatafuta Lailatul Qadr, mimi natafuta chenji.

Mjomba Rajabu: Na hilo nalo utaulizwa.

(Nilikaa na hiyo sentensi jioni nzima.)

Mama Zuhura: Wakubwa, naomba niwaeleze, halafu mtanihukumu. Mwaka wetu wa kwanza hapa nilizima taa ya barazani. Huku ukizima taa ndiyo umesema hapa hakuna kitu, piteni. Tukakaa gizani. Nje watoto wanapita wanacheka, Zuhura kaweka sikio mlangoni, ananiambia kwa kunong'ona, mama huyu ni Emma wa darasani kwetu. Mwaka wa pili nikawasha.

Mama Zuhura: Na hapa Des Moines hawafanyi kama kwingine. Mila ya mji kwa miaka mingi imekuwa tarehe 30, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, wanauita Usiku wa Ombaomba. Ulianza 1938, vijana walikuwa wanaharibu mali za watu usiku wa Halloween, mji ukaona bora watoto wapewe kitu cha kufanya. Tena mtoto hapewi bure, lazima kwanza aseme kichekesho. Baba wa watu anasimama mlangoni na baridi ile, anasubiri kuchekeshwa.

Mama Zuhura: Gharama sitawaficha. Nguo dola 27, mifuko miwili ya pipi dola 38. Hizo ni saa tatu na nusu nimesimama nakata nyama kiwandani. Zinauma. Lakini majirani wa mtaa huu nimewajua majina usiku ule. Siku nyingine zote ni gari linaingia gereji, mlango unashuka.

Mjomba Rajabu: Na sumu kwenye hizo pipi? Tunasikia.

Shemeji Petro: Inasemwa sana, Mjomba. Kisa kinachojulikana ni cha Texas, 1974. Mtoto aliyekufa aliwekewa sumu na baba yake mzazi, kwa ajili ya fedha za bima. Joel Best, mtafiti aliyefuatilia habari hizo miaka mingi, hajapata mtoto aliyeuawa na pipi ya mtu baki.

Mjomba Rajabu: Baba mzazi. La haula.

Bibi (Ujiji) [sauti, 2:06]: Hamjambo wote. Nimeletewa simu nimetazama picha, wamenikuzia. Mtoto mzuri, Mungu amkuze. Sasa nina swali. Huyo mchawi wao mbona bibi kizee? Pua imeshuka, mgongo umepinda, fagio mkononi. Si ndiyo mimi huyo? Mimi macho yangu mekundu, mnayajua. Ni moshi. Miaka arobaini nabanika samaki, migebuka, nainama naupulizia moto, mkasoma kwa huo moshi. Huko Usukumani wanawake wa rika langu wameuawa kwa macho kama haya. Mwanamke akizeeka macho yakawa mekundu, mtoto wa jirani akafa, basi, wameshamjua mchawi. Aliyepanga hapa nyuma, Mungu amrehemu, alikuja usiku kutoka Shinyanga na kanga moja mwilini. Hakuwahi kurudi kwao. Mtoto sina ugomvi naye. Anataka pipi, apewe pipi. Lakini asinivae mimi akasema ni mchawi.

(Hakuna aliyeweka hata kidole gumba. Dakika kadhaa.)

Mama Zuhura: Bibi nisamehe. Wallahi sikuwaza. Dukani ilikuwa inaning'inia kwenye rafu, imeandikwa tu miaka 8 hadi 10.

Mama Mdogo: Mama, sisi tumekosa.

Asha: Mimi niliona plastiki tu.

Mjomba Rajabu: Mama amemaliza.

Bibi [sauti, 0:31]: Sijamaliza. Kama anataka kuvaa bibi kizee, avae bibi kizee. Kanga mnazo huko. Ajifunge moja kiunoni, nyingine kichwani, akiulizwa aseme mimi ni Bibi wa Ujiji. Nipigieni ya video nimwelekeze, mama yake hajui kufunga, anafunga kama taulo.

(Walipiga. Ikakatika mara tatu, bando la Mjomba. Mara ya nne ikakubali.)

Mama Zuhura: Amefungwa amefungika ❤️ Sasa tatizo ni kichekesho. Vya huku vyote ni vilevile, kila mtoto anasema cha mifupa isiyokwenda dansi kwa sababu haina mwili wa kwenda nao (kwa Kiingereza "hakuna mwili" na "hakuna mtu" vinasikika sawa).

Shemeji Petro: Atege watu. Ampe mwenye nyumba kitendawili.

Mjomba Rajabu: Kuku wangu katagia mwibani.

(Tulishangaa wote, lakini hakuna aliyesema.)

Mama Zuhura: Nanasi! Ila huku Mjomba nanasi wanalijua la kopo, shambani hawajawahi kuliona.

Mjomba Rajabu: Basi nyumba yangu haina mlango. Yai kila mtu analijua.

Mama Zuhura: Hilo watalipata upesi mno. Iowa ndiyo jimbo la kwanza Marekani kwa mayai, huku kuku ni wengi kuliko watu.

Mjomba Rajabu: Mpe hilohilo. Utaona.

(Saa 12 jioni ya kwao ni saa 8 usiku kwetu, tukalala. Ujumbe tuliukuta alfajiri.)

Mama Zuhura: Tumerudi. Baridi kali, ilibidi koti livaliwe ndani na kanga juu yake, akawa mnene kama Bibi kweli.
[picha: Zuhura barazani, kanga mbili, mkono kiunoni, nyuma yake miguu ya ile mifupa ya futi 12]

Mama Zuhura: Milango kumi na saba. Yai wamelipata watatu tu!! Mmoja alisema gereza. Mwingine boga. Yule mzee wa mifupa kafikiri weeee, mwisho kasema kaburi.

Shemeji Petro: Jibu si baya hata kidogo, kwa tarehe zenyewe.

Mama Zuhura: Zuhura akamwambia hapana, umeshindwa, nipe mji. Mzee hakuelewa. Ikabidi nimweleze, kwetu ukishindwa kitendawili unatoa mji, ndipo unaambiwa jibu. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akampa Omaha.

Bibi [sauti, 0:12]: Omaha ndiyo wapi? Kuna maji?

Mama Zuhura: Kuna mto mkubwa Bibi, Missouri.

Bibi [sauti, 0:09]: Basi si mbaya. Na pipi akampa, au mji tu?

Mama Zuhura: Alimpa na pipi Bibi. Kwa sababu ya mji akaongeza mbili.

Mjomba Rajabu: Za chokoleti au zile za kawaida?