Tangazo la asali Tabora: katuni, sauti tu, au mtu halisi?

MzeeWaMizinga
Wakuu, salaam. Nipo Tabora mjini, nafungasha asali ya Sikonge kwenye chupa za nusu lita na lita. Bajeti ya tangazo ni laki tatu na njia ninazoziona ni hizi: (a) katuni ya nyuki anayeongea, sekunde 30, ya kurusha WhatsApp na Instagram, (b) sauti tu, ipigwe redio za hapa na gari la matangazo, (c) binti ashike chupa mbele ya simu, aongee. Kijana wa katuni anaapa nyuki wake atatamba kuliko binti yeyote. Mliowahi kufanya, naombeni ushauri.

Kanyenye_Boy
(c) bila kufikiria. Mnunuzi wa asali anataka kuona inavyomwagika, maana ya kuchakachua imejaa mjini. Nyuki wa kuchora atathibitisha nini?

FundiSautiUjiji
Mimi nipo Kigoma, kazi yangu kurekodi matangazo. Mzee, kabla hujatoa hela ya katuni elewa kwanza inavyotengenezwa. Filamu inakwenda picha 24 kwa sekunde. Sekunde 30 ni picha 720, na hata kila mchoro ukitumika mara mbili bado ni michoro 360. Kwa laki tatu hakuna atakayekaa kukuchorea yote hiyo. Atakachofanya ni kumkata nyuki vipande, kichwa, mabawa, miguu, midomo, kisha avichezeshe kwenye kompyuta kama kikaragosi. Si vibaya, ila muulize mapema usije ukashangaa nyuki wako anageuza shingo tu.

Lingine, sauti ndiyo inayotangulia. Mchoraji anapewa rekodi iliyokamilika ndipo anapanga midomo: m, b na p imefungwa, o na u imebana, a imeachama. Kiswahili kinampunguzia kazi, irabu zetu tano tu na karibu kila silabi inaishia na irabu. Kwa hiyo ukianza na (b) hujapoteza kitu, rekodi hiyo hiyo utaivisha katuni mfuko ukituna.

Na hilo gari la matangazo: zile spika za honi zinakula besi. Sauti nzito inayosisimua ukiwa studio, barabarani inafifia. Tafuta sauti nyembamba, kali kidogo. Hiyo inasikika mpaka uani.

BintiWaCheyo
Jamani huyo nyuki asiwe na sauti ya kiume! Anayehangaika na maua na kutengeneza asali ni jike. Dume hata mwiba hana.

MzeeWaMizinga
😂😂 Kijana alishanionjesha sauti, besi tupu.

NesiWaIpuli
Shikamooni wakubwa. Katuni inamvuta mtoto kabla ya mnunuzi. Kule Marekani Joe Camel, ngamia wa katuni wa matangazo ya sigara, aliondolewa 1997 baada ya kelele nyingi kwamba anawavutia watoto. Asali si sigara, najua. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapewi asali kabisa, inaweza kubeba vimelea vya botulizimu na tumbo lake bado halina uwezo wa kuvizuia. Kwa hiyo ukienda na (a), tafadhali asionekane kichanga analambishwa kijiko, hata kama mchoro umependeza. Akina mama wanaiga wanachokiona.

FundiSautiUjiji
Dada nesi, hilo liandikwe hata kwenye lebo.

Nisiionee katuni lakini. Tony the Tiger, chui milia wa katuni anayetangaza nafaka za kifungua kinywa za Kellogg's, yupo tangu 1952, na Thurl Ravenscroft alimpa sauti kwa zaidi ya miaka 50. Binti wa (c) mwakani kaolewa Mwanza, au anatangaza asali ya jirani yako. Ila andikishianeni: nyuki ni mali ya nani, sauti itatumika wapi na kwa muda gani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na makubaliano ya mdomo ndiyo yanayogombanisha watu.

Kanyenye_Boy
Mimi sihami (c), ila napunguza. Binti akae kimya, mkono na asali tu vionekane. Juu yake wekeni sauti ya huyo dada nyuki.

FundiSautiUjiji
Hapo mkuu umenena. Simu moja, mwanga wa asubuhi, asali inashuka uzi mmoja bila kukatika. Laki tatu inatosha na chenji inabaki ya redio. Mzee, tupia maneno yako tuyaone.

MzeeWaMizinga
Haya: "Je, unatafuta asali bora, halisi, safi, yenye ladha ya kipekee na kwa bei nafuu? Usihangaike tena! Suluhisho limepatikana..."

FundiSautiUjiji
Futa yote. Nyuki aanze hivi: "Nimetoka Sikonge sasa hivi, chavua ya miyombo bado iko miguuni." Halafu ataje duka lilipo, mara mbili.

BintiWaCheyo
Na namba ya simu isomwe polepole. Matangazo ya magari yananipita na tarakimu tatu za mwisho kila siku.

MzeeWaMizinga
Sawa. Binti, wewe sauti yako ikoje?