Watoto wa Bibi Mwanahawa: Zuhura anataka kwenda Ulaya

*Ijumaa usiku*

Zuhura: Assalaam aleikum wote. Shikamooni wakubwa. Nina jambo langu, naomba mnishauri bila kunificha. Kikoba tumevunja wiki hii, nikijumlisha na akiba yangu hela imefika mahali pazuri. Mwakani nataka kwenda Ulaya, nianzie Paris. Sijawahi kuvuka hata Namanga. Kila nikifungua simu naona watu wamesimama mbele ya ule mnara wa Eiffel, lakini nikiulizia utaratibu naumwa kichwa. Inafaa kweli, au ni makelele ya mtandaoni tu?

Ma'mdogo Asha: Waaleikum salaam. Marahaba mwanangu.

Mjomba Seleman: Marahaba mpwa. Kile kiwanja cha Chanika umemaliza kulipa?

Zuhura: Nimemaliza Mjomba. Na hati ninayo.

Mjomba Seleman: Haya, basi tuongee.

Fadhili: Dada Zuu nenda! Ukingoja mpaka kila kitu kiwe sawa hutaenda.

Mama Mkubwa Mwajuma: Fadhili tulia kwanza. Zuhura, nikwambie yaliyonikuta, maana humu wengi mnayajua juu juu. Rafiki yangu wa utotoni alikuwa anamwoza binti yake, nchi moja huko huko Ulaya. Akanitumia mwaliko. Nikaanza kukusanya makaratasi ya kuombea viza: taarifa ya benki, barua ya kazini, barua ya likizo, hati ya nyumba, cheti cha ndoa, bima ya safari isiyopungua euro 30,000, tiketi ya kushikilia nafasi. Nikapigwa picha, nikabonyeza vidole vyote kumi. Siku ya kuchukua pasi nikakuta ndani karatasi imechapwa orodha ya sababu, kwenye sababu mojawapo wametia alama ya vema. Kwamba wana shaka kama nitarudi kwetu. Mimi, mwenye nyumba Tabata na wajukuu! Harusi niliiangalia kwenye simu, nimekaa sebuleni nimevaa ile nguo niliyoshonesha.

Zuhura: Pole sana Mama Mkubwa. Sikujua ilifikia hapo.

Mama Mkubwa Mwajuma: Nimeshapoa. Lakini ujue kinachouma si hela peke yake. Unajianika kwa mtu usiyemjua, mshahara wako, ndoa yako, mpaka watoto wako, halafu anakujibu kwa alama ya vema. Na hela nayo hairudi. Ada sasa ni euro 90, ilipanda Juni 2024 kutoka 80. Kwa hela yetu ni zaidi ya laki mbili na nusu, imekwenda. Jingine: nje pale kuna dalali alinifuata akaniambia niazime milioni kumi niziweke benki zionekane. Nilimkatalia. Na wewe atakufuata, mkatae. Hela iliyoingia juzi kwa mkupuo inaonekana wazi kwenye taarifa ya benki.

Zuhura: Mwenzangu mmoja dukani kaniambia hivyo hivyo. Akanionesha na mikopo ya haraka ya kwenye simu ya kujazia.

Mjomba Seleman: Kausha damu? Hapana Zuhura. Hapo tutakosana. Usiende kupiga picha Ulaya, ukarudi unakimbia simu za wadai. Hilo naomba lisijadiliwe tena humu.

Zuhura: Sawa Mjomba, nimesikia. Sitagusa.

Idi (Berlin): Shikamooni wakubwa. Nimetoka kazini sasa hivi, nimesoma yote. Zuu, nikuongeleshe kama kaka yako?

Zuhura: Ndiyo nilikuwa nakungoja wewe.

Idi (Berlin): Paris nimefika. Mnara upo kweli, mita 330, ni mrefu kuliko unavyouona kwenye simu, na usiku unapendeza. Lakini nikupeleke makumbusho ya Louvre, kwenye ile picha ya Mona Lisa ambayo kila mtu anaikimbilia. Ni ndogo, sentimita 77 kwa 53, iko nyuma ya kioo. Mbele yako kuna umati, kila mtu kainua simu juu. Nilikuwa naiangalia Mona Lisa kwenye vioo vya simu za walio mbele yangu. Ukifika mbele unapiga yako, unasogezwa. Wengi walikuwa wanaipa mgongo ili nao waonekane. Nilitoka pale najiuliza nimekuja kuona nini ambacho Zuu hajakiona akiwa Mbagala.

Fadhili: Duh.

Idi (Berlin): Na Jumanne panafungwa. Mtu anapanga mwaka mzima, anafika Jumanne.

Zuhura: Kaka nakuelewa, ila kuna kitu kinanikera kidogo na naomba nikiseme. Mbona Wazungu wakija kupanda Kilimanjaro hakuna anayewauliza wanakwenda kufanya nini? Mtu anatoka kwao, anapanda mlima, anashuka, anarudi. Anasema nimeona, basi. Mimi nikitaka kuona tu, naambiwa nina kiwanja, nina msingi, kuna faida gani. Na mimi nina macho.

Ma'mdogo Asha: Zuhura hapo umesema kweli kabisa.

Mjomba Seleman: Sijakukatalia kuona, mpwa. Ila nikwambie na upande wangu. Watu wa Kariakoo mnatuona tunakwenda Guangzhou, China, mnadhani tunatembea. Mimi Guangzhou naijua kuanzia hotelini Xiaobei mpaka sokoni, sokoni mpaka stoo ya wakala anayepima mzigo kwa sibiemu, yaani mita za ujazo. Tunabishana bei na muuza mikoba kwa kikokotoo: yeye anaandika namba, mimi nafuta naandika yangu, anafuta. Usiku naosha soksi bafuni. Miaka yote hiyo, mto wao ule mkubwa unaopita katikati ya mji nimeuona kwenye dirisha la teksi. Lakini sijawahi kurudi nimejuta, kwa sababu nilichofuata nimekileta. Stresi ya viza, ndege, mzigo kukwama, yote naibeba kwa kuwa najua naibeba kwa ajili gani. Wewe unafuata nini? Usiseme mnara.

Zuhura: Ngoja nifikirie nikujibu vizuri.

Fadhili: Wakati anafikiria na mimi niseme. Nje si Ulaya tu. Zambia hatuombi viza. Malawi, Msumbiji, Rwanda, Kenya, Uganda, mpaka Afrika Kusini siku 90. Panda basi hapa mpaka Lusaka, vuka Tunduma, teremka mpaka Livingstone ukaone Mosi-oa-Tunya, yale maporomoko ya Victoria. Maji yanaanguka mita 108, upana wake ni zaidi ya kilomita moja na nusu. Ukienda Aprili unalowa mwili mzima na hujagusa maji. Kadi ya homa ya manjano kama unayo ya zamani usikubali kuuziwa nyingine, tangu 2016 ni ya maisha.

Mama Mkubwa Mwajuma: Na hapo hakuna wa kukutilia alama ya vema.

Zuhura: Fadhili nimeipenda hiyo, na nitaifanya. Lakini isiwe ndiyo njia ya kunizima. Kule mbali bado nataka kwenda.

Zai: Bibi yuko macho, nimemsomea yote. Anasema niandike, yeye anaongea.

*Bibi:* Wajukuu zangu, nilipokwenda Hija nilikuwa mtu mzima tayari. Miguu ilivimba. Joto lile hata Dar halipo. Mina mahema yote meupe, yanafanana, nikatoka kwenda kutawadha nikapotea, nikazunguka mpaka msichana mmoja wa Kisomali akanishika mkono akasoma kile kibangili changu, akanirudisha. Nilikuwa nalia njia nzima. Lakini kama leo mtu akiniambia Mwanahawa beba begi turudi, nakwenda hivi hivi na hii miguu. Zuhura usiogope tabu ya safari. Tabu ipo. Uogope kwenda mahali ambako hujui umeitwa na nani.

Ma'mdogo Asha: Allah akuweke mama.

Ma'mdogo Asha: Sasa na mimi niseme, maana Ulaya nimekwenda. Nilipokwenda kwa Idi ilikuwa Juni. Jua halizami! Maghribi inaingia saa tatu na nusu usiku, nimekaa dirishani na mswala naangalia mbingu nyeupe. Siku za mwanzo sikulala vizuri. Mtaani hakuna anayekusalimia, unashuka ngazi na jirani mmeangaliana, kimya. Hilo lilinikaa rohoni kuliko baridi.

Idi (Berlin): Na maji, Mama.

Ma'mdogo Asha: Na maji. Chupa ndogo stesheni euro tatu. Naizidisha kwa shilingi kichwani, nairudisha kwenye friji. Idi ananibembeleza Mama kunywa, mimi nasema sina kiu, na kiu ninayo. Zuhura, ukienda huko usizidishe kila kitu kwa shilingi, hutakula. Tenga hela ya kutumia kabla ya kuondoka, ukifika itumie. Kama huwezi kuitenga, safari hujafika wakati wake.

Ma'mdogo Asha: Lakini niwaambie kilichonilipa. Cha kwanza mjukuu wangu, huyo sina haja ya kueleza. Cha pili Idi alinipeleka makumbusho, nikakuta mjusi wa Tendaguru.

Zai: Bibi anasema rudia.

Ma'mdogo Asha: Mjusi wa Tendaguru mama, yule dinosaria wa kwetu Lindi. Amesimama katikati ya ukumbi, mifupa mitupu, kichwa kiko juu mita 13 na zaidi. Mguu wake wa mbele peke yake unanizidi mbali. Watoto wa Kijerumani wamekaa chini wanamchora. Nikasoma kibao: Tendaguru. Nilisimama pale mpaka miguu ikaniuma. Nikamuuliza Idi, hii mizigo ilifikaje hapa?

Idi (Berlin): Nami sikujua, ikabidi nisome. Walichimba kuanzia 1909 mpaka 1913, enzi za Mjerumani. Mamia ya watu wetu walichimba na kubeba. Mifupa ilifungwa mizigo, ikabebwa kichwani na mabegani kutoka kilimani mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku kama nne kwa miguu, huko porini hapakuwa na barabara. Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 wataalamu walimpa mjusi mwingine wa hapo hapo jina lake, Australodocus bohetii. Mtu wa kwetu, na mimi jina lake nimelijulia Berlin.

Mjomba Seleman: Hili sikuwa nalijua. Na nimesoma Lindi.

Zai: Bibi anasema: utotoni kwetu tulisikia tu kwamba mjusi kapelekwa Ujerumani, wazee walikuwa hawalizungumzi sana. Anauliza hivi wanalipisha kumwona?

Idi (Berlin): Wanalipisha Bibi. Hata sisi tunalipa.

Mama Mkubwa Mwajuma: Tunalipa kumwona mjusi wetu, na viza ya kwenda kumwona tunanyimwa.

Fadhili: Na hapo Tendaguru kwenyewe nani humu kafika? Basi linaondokea Mbagala, ukivuka daraja la Mkapa umeshika njia.

Zuhura: Fadhili ndugu yangu, kila nikitaja nje mnanirudisha nyumbani. Tendaguru nitakwenda, mwezi wa sita tukipata watu twende wote. Ila sasa nina jibu la Mjomba.

Mjomba Seleman: Sema.

Zuhura: Nataka nikakae kwa Kaka Idi, si hotelini. Nimjue mtoto wake, mimi ni shangazi yake na ananijua kwenye simu tu. Nataka nikamwone huyo mjusi kwa macho yangu. Mwisho wa wiki moja tupande treni twende Paris, nisimame chini ya mnara nusu saa, nipige picha yangu, ndiyo, nimeutamani tangu shule na sioni aibu. Louvre tupite hata kama ni Jumanne. Kama itachukua miaka miwili kukusanya, ichukue. Bila mkopo.

Mjomba Seleman: Hiyo sasa ni safari. Mimi niko upande wako. Tiketi ukifika wakati wake niambie, tafuta tarehe mapema, Desemba bei inapaa na huko ni giza.

Idi (Berlin): Desemba usije. Saa kumi kasoro jioni jua limeshazama. Njoo Mei au Septemba. Mimi nitakwenda ofisi ya wageni hapa kuweka saini ya dhamana kwamba nakupokea na gharama ni juu yangu ukishindwa. Haikuhakikishii viza, lakini anayesoma faili lako anaona kuna mtu na anuani. Na maombi unaweza kuyapeleka kuanzia miezi sita kabla, usingoje zile siku 15 za mwisho.

Mama Mkubwa Mwajuma: Faili langu lipo lote, nimeliweka kabatini. Njoo Jumapili Tabata ulione, tuyapange yako kwa mfano ule. Na barua ya kazini bosi wako aandike tarehe ya kurudi kazini, si "ameruhusiwa likizo" tu.

Zuhura: Ahsante Mama Mkubwa. Nimesikia uliyopitia, najua si rahisi kulifungua tena.

Mama Mkubwa Mwajuma: Likikufaa wewe litakuwa limefanya kazi. Nikuulize, pasi yako inaisha lini? Wanataka ibakie na uhai wa miezi mitatu baada ya siku ya kutoka kwao.

Zuhura: Subiri niitafute.

Zuhura: Inaisha mwakani mwezi wa tatu.

Mama Mkubwa Mwajuma: Basi mambo ya Paris yaache kidogo. Anzia Uhamiaji Kurasini Jumatatu, na laki na nusu ya pasi uitoe kwenye hela ya kikoba kabla haijapata matumizi mengine.