Mteja analipia ploti kwa noti kidogo kidogo: wakala aripoti?

WakalaKsm: Jameni, mtu akinunua ploti ya milioni 4 kule Riat, alete laki nane leo, laki sita wiki ijayo, zote noti, wakala anatakiwa kuripoti? Ama hiyo ni kazi ya benki?

Mzee wa Vitabu: Ni yako pia. Sheria ya Kenya ya mwaka 2009 ya kuzuia utakatishaji wa pesa chafu inamhesabu wakala wa ardhi kama taasisi ya kuripoti, kwa hivyo jisajili FRC (kituo cha serikali kinachopokea ripoti hizo). Taslimu inayofika dola 15,000 huripotiwa hata kama hushuku chochote (kabla ya 2023 ilikuwa 10,000). Muamala wa kutiliwa shaka hauna kima cha chini.

Dada wa Milimani: Huko kukatakata malipo ndiko dalili yenyewe. Chukua kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya kodi) na chanzo cha pesa kwa maandishi. Akisema aliuza ng'ombe, piga hesabu: kwa elfu 80 kila mmoja, hao ni 50! Stakabadhi za soko ziko wapi? Na ukisikia hati itoke kwa jina la shemeji, uliza shemeji mwenyewe anafanya kazi gani. Hapo ndipo wengi hulegea, kwa sababu kamisheni ishanukia.

WakalaKsm: Sasa nimwambie nimeripoti?

Mzee wa Vitabu: Usithubutu. Kumtonya ni kosa la jinai. Ripoti ndani ya siku 2 tangu ushuku, na rekodi zikae miaka 7.